Vidonge vya Goti la Mama

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua duka la dawa saa mbili. Tope Migori nzima. Kabla ya wateja nimemfungia Mama vidonge vyake vya kutuliza uvimbe wa goti, nikampa dereva wa matatu ya Kosele ampelekee. Mama ana sukari mwaka wa kumi na moja huu. Kanisani anawaambia wenzake bintiye ni daktari. Mimi ni muuzaji tu. Sijawahi kumsahihisha.

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki, Homa Bay. Protini inavuja kwenye mkojo wa Mama. Daktari anasema sukari imezichoma figo, zimevimba ndani, zinaanza kufanya makovu. Amempa dawa ya presha inayozilinda. Mjinga mimi, nilifurahi: vidonge vyangu si hutuliza uvimbe? Vitasaidia.

Kisha akauliza kama Mama humeza dawa za maumivu. Mama akanitazama, kisha akajibu.

"Hapana, daktari."

"Vizuri. Hizo ndizo zinamaliza figo."

Nikanyamaza. Mwoga.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesoma karatasi ya ndani ya boksi. Imeandikwa. Miaka minne nauza, sijawahi kuikunjua. Nimempigia Mama: tupa vidonge. Akasema sawa. Nikamuuliza mbona alidanganya.

"Nyathina, mwanangu, nikuaibishe mbele ya watu?"

Najichukia.

Jumatano, 12 Machi
Kila anayetaka vidonge hivyo namuuliza kama ana sukari. Wawili wamenicheka. Wacheke.

Alhamisi, 20 Machi
Homa Bay tena. Nguvu ya figo imeshuka zaidi. Daktari alidhani ni ile dawa yake mpya, akashika kalamu aifute. Dawa ya kumsaidia Mama, ifutwe kwa sababu ya kimya changu! Nikasema yote. Vidonge, miezi minane, mimi. Mama akainama, akafungua kibeti. Bado anavyo. Bado anameza.

"Alinipa mtoto wangu. Vitaniumizaje?"

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Dawa yake hakuifuta, vyangu vimetupwa. Atampima tena baada ya wiki mbili. Palipokwisha kuwa kovu hapaponi, alisema.

Jumapili, 23 Machi
Kosele. Nimemkanda Mama goti kwa kitambaa cha maji moto. Linamuuma, hasemi. Jirani ameingia, akaniita daktari, anataka dawa ya mgongo. Nimemwambia mimi si daktari. Mama hakubisha. Amenisogezea goti la pili.