Dawa Ulizomtumia Baba

Nyumbani, mezani kwa Baba,
Jumapili jioni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. U mzima huko? Na wifi, kile kikohozi chake kimekwisha? Sisi tunashukuru. Chiriku wangu ameota meno na anamng'ata kila anayembeba. Baba yuko hospitali, lakini usishtuke, anaendelea vizuri. Soma taratibu mpaka mwisho.

Unakumbuka tulivyokuwa tukilala sakafuni nyuma ya cherehani ya Baba? Mguu wake kwenye pedali, ta-ta-ta-ta, mpaka usingizi unatuchukua. Akiacha tu kukanyaga, tunaamka wote wawili. Nayakumbuka sana yale nikimlaza Chiriku kifuani.

Basi, hivi karibuni Baba alianza kuchoka ovyo. Anashika pindo la gauni, analiacha katikati. Jumanne akaanguka mlangoni. Tulipomfikisha hospitali wakakuta moyo unapiga polepole mno, kama mtu anayesitasita kubisha hodi. Wakasema usipochangamka wenyewe, atapasuliwa awekewe betri kifuani.

Daktari, mama mmoja mpole, alinieleza nikaelewa. Moyo una umeme wake. Unaanzia juu, unafika kituo kidogo katikati, unangoja kidogo, ndipo unashuka chini na moyo unapiga. Ili upite pale kituoni unahitaji kalsiamu, hiyohiyo ya kwenye mifupa. Dawa ya Baba inaizuia kalsiamu isiingie kwa wingi, ili moyo wake uliokuwa ukienda mbio utulie. Dawa ikizidi, umeme unakwama pale pale.

Sasa sijui nikuambieje. Zile ulizotuma kwenye kifurushi ni dawa ileile aliyoandikiwa hapa, ila boksi lina jina jingine. Baba alikuwa anakunywa zote. Nilipomuuliza akanijibu, "Hizi za hapa nakunywa kwa ajili ya moyo. Zile nakunywa kwa kuwa kazituma mwanangu."

Nilitaka kucheka, nikalia. Daktari akamwambia, "Mzee, mapenzi hayo yangekuua."

"Yameua wengi, binti yangu. Nisingekuwa wa kwanza."

Usijilaumu, Kaka. Hukujua, nasi hatukukuambia anakunywa nini. Shangazi alitaka tukufiche, nikakataa, usije ukatuma nyingine.

Dawa zote zilisimamishwa, na tangu jana moyo umeanza kuchangamka. Betri haitajwi tena. Leo kaomba uji, kisha akamgombeza nesi kwa kutembea na kifungo kinachoning'inia.

Vidonge vyako nimempa mfamasia. Boksi Baba kakataa katakata kuliachia, eti lina mwandiko wako. Amelilaza chini ya mto.

Shangazi anakusalimu, na fundi viatu wa jirani pia. Mbusu wifi kwa niaba yangu. Mungu awalinde na kuwafungulia njia, maana ukipata likizo, Kaka, usitume kitu. Njoo wewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Mama Chiriku