Kunguni wa Ubao wa Matangazo

Jumatatu, 3 Machi

Nimebandika ubaoni! Saa moja asubuhi, kabla Mama Stapla, katibu wa Idara yetu ya Kiingereza, hajafungua ofisi. Karatasi moja, pini nne: "Ratiba ya Vichekesho vya Profesa, Somo la Nane." Sahihi: Kunguni. Vichekesho vyote vitatu nimevitoa kwenye daftari la dada, aliyesoma humuhumu miaka tisa iliyopita. Profesa hajabadilisha hata koma. Dada kaandika hata kikohozi: "Anakohoa mara mbili, kisha anatania."

Ningekuwa na haya ningetubu. Sina.

Jumanne, 4 Machi

Mbavu zangu jamani! Profesa kaingia na yale makaratasi yake ya manjano. Akakohoa mara mbili — darasa zima likaangua kicheko kabla hajafungua mdomo. Akaangalia zipu. Tukacheka zaidi. Akaanza: riwaya ya Kiingereza ni kama harusi... Watu wakammalizia kwa sauti moja: maandalizi kurasa mia tatu, na bwana harusi bado kachelewa!

Redio, ninayeishi naye chumba kimoja, alianguka chini ya dawati. Hajui kitu. Siku akijua, chuo kizima kitajua kabla ya chai.

Alhamisi, 6 Machi

Mkuu wa Idara kawaka. Mwaka wa tatu wote tutie sahihi: "Mimi si Kunguni wala simjui." Nikasaini wa kwanza, kwa mwandiko mzuri. Mama Stapla akasema angalau kuna mtoto mmoja aliyelelewa. Asante mama, nikamwambia, macho chini.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwisha.

Mhariri wa gazeti, aliyesoma hapa zamani, alipita kuchukua cheti chake. Kasoma karatasi yangu, kacheka mpaka akaomba kiti. Anamtaka Kunguni! Mafunzo ya miezi mitatu gazetini na safu yake kila wiki. Ajitokeze Jumatano, Profesa amthibitishe. Chini ya tangazo lake ubaoni Mkuu kaongeza kwa kalamu: waliosaini uongo watajieleza.

Naitaka nafasi hii. Dada ana shahada hiihii, na kazi yake ni kupokea simu kwenye kampuni ya bima. "Tafadhali subiri", kutwa nzima, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. Sitaki kusubirisha watu maisha yangu yote. Lakini ile sahihi!

Jumanne, 11 Machi

Wanaojiita Kunguni wameshafika sita! Wa sita ni Redio. Kaniomba nimsikilize akijizoeza kukiri. Kalia machozi vizuri sana. Nikamrekebisha mahali pawili — mimi nami!

Jumatano, 12 Machi — kwenye benchi, nje ya ofisi

Naandika haraka. Tuliingia wote, mimi eti namsindikiza Redio. Mhariri kakaa dirishani, Mkuu na Mama Stapla mezani. Profesa akasema vichekesho vimetoka kwenye daftari la mwanafunzi wa zamani, kwa hiyo swali ni moja tu: somo la kumi na mbili, ambalo hatujafika, huwa anatania nini?

Wale sita wakabuni. Redio kaleta kichekesho cha mbuzi na mwalimu wa fasihi. Profesa anatabasamu tu.

Mimi najua. Ukurasa wa dada una mstari mmoja: "Somo la 12 — hakuja. Tumemngoja nusu saa, tukaenda kulala." Sasa niseme hivyo mbele ya Mkuu wake? Nikamkumbuka dada na simu yake.

"Hukutania, Profesa. Hukuja."

Mama Stapla akavuta faili la sahihi. Yangu iko juu kabisa, imepambwa! Mkuu hata hakuniangalia mimi. Alimgeukia Profesa, akamuuliza taratibu: hilo somo la kumi na mbili hufundishwa lini hasa?

Tukatolewa nje, wote saba. Mlango haukufungika vizuri. Nasikia kila neno. Mhariri anauliza yeye sasa: basi ndiye huyu binti, au siye? Mtu akisema "siye", nimebaki na uongo niliousaini na hakuna gazeti.

Profesa anakohoa. Mara moja.

Mungu wangu, ongeza ya pili, atanie.

Mara mbili.