Dada Alivyoipinda Sumaku

Chumba cha nyuma, kwa Dada
Jumapili, 9 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, au unausingizia tu usibebeshwe magunia? Sisi wazima. Mimi nazidi kupendeza, gereji nzima inajua.

Uliuliza Dada anafanya nini huko maabara. Shule niliiacha njiani, lakini hili nimelielewa, kaa nikufundishe. Anapaka sumaku juu ya kipande cha plastiki, utando mwembamba hata unywele mbele yake ni gogo. Sumaku ikielekea huku ni "ndiyo", ikielekea kule ni "hapana". Hivyo ndivyo kompyuta zitakavyokumbuka mambo. Kuigeuza kunataka umeme, na anayetumia kidogo ndiye bingwa.

Shida ni kwamba majibu yake yalikuwa kigeugeu. Leo sumaku inageuka kwa umeme kiduchu, kesho inagoma kama punda. Profesa akasema isipoeleweka kufikia Ijumaa, utafiti wake unafungwa.

Sasa, kibano cha kushikia kile kipande nilikiunda mimi, kwa mikono hii. Jioni nikimpitia humkazia skrubu kigereji, mpaka ilie. Yeye hukaza kwa adabu. Jumatano akanikazia macho kama aliyenasa mwizi.

"We, siku umeme wa kuigeuza sumaku unaposhuka, huwa nani kakaza?"

"Fundi," nikajibu, nikijipiga kifua.

Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe kibano kinakipinda kipande, utando unavutika, na sumaku ikivutika hivyo inageuka kirahisi! Mimi nililaumu mashine. Yeye akaona. Kichwa kile, Mjomba, si cha kufugia nywele tu.

Ijumaa alibakiwa na kipande kimoja kizima, na ukikaza mno utando unapasuka. Nilikuwepo, kibano si changu? Nikanyoosha mkono, akaupiga kofi mbele ya Profesa: "Toa koleo lako hapo!" Akakaza mwenyewe kidogo, akasubiri, akaongeza kidogo. Mimi jasho chapachapa, yeye hata kope haitikisiki. Umeme ukashuka hadi nusu.

Profesa akasogea karibu. Kisha, taratibu, kama mtoto anayeomba kushika mpira wa mwenzake: "Naweza kukaza mimi?"

"Nawa mikono kwanza," Dada akamwambia.

Na mzee mzima akaenda kunawa.

Msalimie Bibi, Mama Mdogo, na yule kaka anayejiita bondia. Mungu akupe afya na mgongo wa chuma.

Wako akupendaye kuliko wapwa wote,
Kibiriti