Twiga, Mzee na Kihamba cha Baba

Richfield, Minnesota
29 Juni

Mpendwa dada Wema,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimekuachia. Mama anaendeleaje? Uliniambia siku hizi anashika ukuta akienda jikoni. Bado anakula mwenyewe, au mpaka abembelezwe? Na shemeji, mguu wake umepona?

Sisi hapa ni wazima, kwa maana kwamba hakuna aliyelazwa. Mgongo wangu ni ule ule. Nikitoka kazini nakaa kwanza kwenye ngazi ya nje, ndipo napanda. Mama Ian anadhani napunga upepo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu nimekuwa nakukwepa, na wewe unajua. Ukifika kwenye lile swali, mimi nasema mtandao unakatika. Sasa umesema wazee wa ukoo watakaa mwezi wa nane, na wanataka neno langu lililoandikwa, lisomwe mbele yao. Narudi kukaa kwenye kihamba cha baba, shamba lile la migomba na kahawa lenye nyumba yetu, na kumtunza mama, kama inavyompasa mtoto wa mwisho wa kiume, au namwachia Godlisten, mtoto wa kaka Humphrey? Jibu limo humu. Lakini acha nilifikie taratibu, maana lilinijia kwa njia ya kijinga kidogo.

Bado niko kwenye lile ghala la Blaine, kaskazini ya mji, napakua makasha kutoka kwenye malori. Gari langu lilikufa, kwa hiyo asubuhi napanda la Nahashon, Mkenya tunayefanya naye kazi. Tunakuwa watatu, pamoja na Héritière, dada mmoja Mkongo anayebandika lebo. Safari ni ndefu na Nahashon hawezi kuendesha akiwa kimya. Tangu mwezi wa tano hana hadithi nyingine isipokuwa mpira wa kikapu.

Nikueleze. Kila mwaka mwezi wa sita timu kubwa za huku zinachagua vijana wapya, kwa zamu. Zamu ya timu ikifika inataja jina moja, na kijana huyo anakuwa wake. Timu ya mji wetu ilikuwa inatafuta fowadi, yaani mmoja wa wale warefu wanaopigana karibu na kikapu. Watu walikuwa wanawataja vijana wawili. Majina yao yanatushinda kutamka, basi Nahashon akawabatiza.

Wa kwanza ni Twiga. Ana miaka kumi na tisa, mwembamba, anaruka mpaka unamwogopa, ila katikati ya mchezo anasahau anatakiwa akimbilie wapi. Wa pili ni Mzee. Huyo amemaliza chuo, hana maajabu, lakini anajua mahali pake, anasimama, anasukumana na watu na kuokota kila mpira unaodondoka. Mzee ana miaka ishirini na tatu, dada, na huku wanasema umri umemtupa mkono. Mimi sijui wangeniita nani.

Nahashon alikuwa wa Twiga, mimi wa Mzee. Tulibishana kwenda na kurudi. Yeye anasema timu inayomchukua mtu aliyekwisha kukomaa haitakua tena. Alisema nina roho ya mkulima wa mchicha, nataka kupanda leo na kula wiki ijayo. Nikamwambia yeye ni kama watu wanaonunua kiwanja kisha wanakuja kukitazama siku ya sikukuu. Pale chini ya kikapu chetu msimu uliopita hapakuwa na mtu, wageni walikuwa wanaingia kama kwenye nyumba isiyo na mlango. Nikasema awekwe mtu wa kusimama hapo sasa, hayo ya kuruka tutayaona baadaye. Nilisema kwa uchungu kweli, utafikiri ni mtoto wangu anayechaguliwa. Mtu akichoka sana anatafuta kitu cha kubishania ambacho hakimuumizi.

Siku moja wakati wa chai Héritière, ambaye mpira hautazami kabisa, akauliza huyo Twiga ataanza lini kucheza sawasawa. Nahashon akasema miaka miwili, pengine mitatu, akishakomaa mwili.

“Na mpaka ile siku,” akasema Héritière, “nani anasimama pale?”

Nahashon akajifanya anakoroga chai. Mimi nilifurahi mpaka nikapiga meza. Kwa furaha hiyo nikamwambia tuwekeane dau: atakayeshindwa ndiye atakayekwangua barafu kwenye gari kila asubuhi, majira yote ya baridi yanayokuja. Nikanyoosha mkono, akaushika. Lakini hakuuachia.

“Ngoja, bana,” akasema. “Si ulituambia Disemba unaenda home kukaa kabisa? Sasa hiyo barafu ya Januari utaikwangua ukiwa Machame?”

Héritière alicheka mpaka akaweka kikombe chini. “Papa Ian, basi Twiga ni wewe,” akasema. “Wewe pia, kila mwaka unakuja mwaka kesho.”

Na mimi nilicheka. Kisha tukarudi kwenye malori. Dada, mtu anayerudi kwao Disemba hapokei kazi ya Januari. Mkono wangu ulikuwa unajua, mdomo ndio ulikuwa unaendelea kuwaambia ninyi mwaka kesho, mwaka kesho.

Siku timu ilipochagua sikuangalia. Nilipitiwa na usingizi kwenye kochi, buti ziko miguuni. Asubuhi Nahashon alianza kupiga honi akiwa bado kwenye kona, nikajua. Wamemchukua Twiga. Sina kinyongo. Huenda wanaona mbali kuliko mimi, na kijana atakuja kuwa mchezaji mkubwa. Timu ina muda wa kungoja. Mama hana.

Basi wasomee wazee hivi. Mimi Elinaja, mtoto wa mwisho, sirudi kukaa. Kihamba cha baba ninamwachia Godlisten, na pasiwe na mtu wa kumwambia kesho kwamba ananishikia mimi tu. Yeye ndiye anayepogoa kahawa na kuzibua mfereji, na mama akiita ndiye anayeitika. Chumba changu kifunguliwe. Nasikia analala stoo na magunia kwa sababu chumba kinanisubiri mimi. Sanduku langu litolewe, nguo zilizomo wagawane, alale yeye kwenye kitanda.

Usidhani nimeandika haya kirahisi. Karatasi ya kwanza niliichana. Lakini watoto wangu wako hapa, na mgongo huu hauwezi tena kupandisha mkungu wa ndizi kutoka bondeni. Nikisema narudi nitakuwa nawadanganya, nanyi mtaendelea kufunga mlango.

Nisalimie kaka Humphrey na wote wa huko mjini Boma. Mwambie asinione nimedharau ukoo. Msalimie shemeji na wanao. Mama Ian anawasalimu. Ian naye amewasalimu kwa Kiingereza, mimi ndiye ninayeandika kwamba amesema shikamoo.

Kwa mama salamu hazitoshi. Naomba umpelekee jani la isale, umwambie Elinaja anaomba msamaha wake. Najua mwenye kuomba hulipeleka kwa mkono wake, lakini naomba mkono wako. Ila usilikate wewe. Mwombe Godlisten alikate. Ua wa masale unaozunguka kihamba ni wake sasa.

Mungu awalinde, mvua iwatoshe, na mama aziishi salama siku zake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Elinaja