Kidole Kile Si Changu

Kwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo usiyepokea simu,

Salamu nakuletea kwa mikono miwili, imelowa kama kawaida yake. U mzima? Kile kifua chako cha kukohoa wakati wa baridi kimetulia? Unakula, au bado unajidanganya na chai na kipande cha mkate? Mimi mgongo upo, magoti yapo, mdomo upo na unafanya kazi kuliko vyote. Baba yako hajambo, mama yako hajambo, na paka wako amezaa tena ndani ya kapu la nguo za mteja. Mteja hakucheka.

Anayeandika ni Fundi Cherehani, jirani yetu, maana unajua mimi na kalamu hatujawahi kutambulishana. Nimemwapisha kwa mkasi wake kwamba ataandika ninachosema, si anachoona yeye kinafaa. Ameshaniuliza kama nina hakika na hilo neno "unajidanganya". Nimemwambia aandike. Ukikuta mahali maneno yamelainika kama hariri, ujue ni yeye. Yangu mimi ni gunia.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Simu nimeizima, laini nimeichomoa nikaitia kwenye kopo la vibanio vya nguo. Sababu utaisoma. Anayekuletea ni dereva wa lori la saruji, na nimemwambia asikupe mpaka akuone umekaa. Usiikunje kabla hujafika chini.

Nianze na habari njema, maana mambo yalianza kama habari njema. Mwenye nyumba ya wageni, yule wa kitambi na funguo nyingi, alikuja uani akasimama akiyatazama mashuka yangu kwenye kamba. Akasema hajaona weupe wa namna ile tangu mama yake afariki. Nikamwambia sifa hazijazi sufuria, aseme shida yake. Shida yake ikawa mashuka ya vyumba vyake vyote, na taulo, na mapazia, kila wiki, mwaka mzima. Ila akasema, Bibi Povu, kwa mkono hutaweza, tafuta mashine.

Mume wangu, nilifurahi nikamkumbatia yeye na funguo zake. Unavijua vidole vyangu. Sabuni na bluu vimevila mpaka vikawa laini kama kokoto la mtoni. Unakumbuka siku ya kusajili laini ya simu, mashine ikakataa kidole baada ya kidole, yule muuzaji akachoka, akakwambia basi weka wewe cha kwako? Ukaweka. Tukacheka njia nzima kwamba sasa ndoa yetu imekamilika, mke na mume kidole kimoja. Tangu hapo kila mahali walipotaka kidole changu, nilikuita wewe. Niliona ni jambo la kawaida, kama kumwomba mtu akufungie kifungo cha mgongoni.

Basi nikaenda kwa muuza mashine. Alinivutia kiti, akanionyesha moja yenye mlango wa duara, unaiona nguo inavyopinduka ndani kama samaki. Akasema nitatanguliza kidogo, nyingine nitalipa polepole, yeye ataangalia tu kama jina langu ni safi. Nikacheka. Nikamwambia mimi ni dobi, mwanangu, kama kuna kitu safi mtaa huu ni jina langu. Akabonyezabonyeza kompyuta yake. Uso ukambadilika kama shuka jeupe lililofuliwa pamoja na soksi nyekundu. Akaniinamia, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayekwambia nguo yako imechanika nyuma, kwamba mama, jina lako limeandikwa kwa wasiolipa. Ulikopa pikipiki.

Pikipiki! Mimi ambaye baiskeli ikipita nakumbatia ukuta! Nikamwuliza kama kompyuta yake imekunywa pombe. Akasema kwa jina hili hakuna duka litakalonikopesha hata kijiko, mpaka lisafishwe.

Hapo ndipo nilipozielewa zile simu. Kulikuwa na kijana ananipigia, asubuhi ananiita mteja wetu mpendwa, jioni ananiita tapeli. Mimi nilidhani amekosea namba, nikawa namshauri apumzike, sauti yake imechoka. Kumbe ni mimi hasa anayenitafuta. Nilipoacha kupokea, sijui alizipata wapi namba za wateja wangu, akaanza kuwapigia. Mwambieni Bibi Povu alipe. Mwambieni bibi yenu mwizi alipe.

Nikueleze kilichoniuma. Mke wa daktari wa mifugo nimemfulia tangu hajaolewa. Huniachia mlango wazi, hunikuta na pete zake nimeziokota mifukoni nimezipanga juu ya meza. Wiki ile alikuja kuchukua nguo zake, akakaa kwenye ndoo, akahesabu mashati mbele yangu. Akahesabu tena. Hakusema neno baya, alisema anataka tu kuwa na uhakika. Nilisimama pale na mikono yangu inachuruzika maji, nikatamani ardhi ifunguke inimeze mimi, au immeze yeye. Dobi akishahesabiwa mashati, mjukuu wangu, amebakiwa na nini? Mtaji wangu si sabuni.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nikikaa nasimama. Nikisimama nasahau nilichosimamia. Shuka moja nililitia bluu mara mbili, likatoka kama sare ya shule. Shati la karani wa mahakama niliunguza kola, mimi, ambaye sijawahi kuunguza hata leso ya mlevi. Mama yako akaniambia nikapumzike. Nikamwambia nitapumzika vipi na kuna mtu anatembea mjini amevaa jina langu kama koti?

Baba yako yeye akasema mengine. Akasema kitambulisho changu hukaa kwenye mkebe chini ya kitanda, wa kukitoa ni wa humu humu, kwa hiyo tusichimbe. Tulipe kidogo kidogo tunyamaze, aibu ya nyumba haianikwi uani. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ndiyo kazi yangu. Nguo chafu ukiificha uvunguni haikauki, inavunda, na mwishowe nyumba nzima inanuka. Akanuna. Nikamwacha na unyamavu wake, nikavaa vile viatu vyeusi ulivyoniletea zawadi, nikaenda mwenyewe kwenye ofisi iliyotoa mkopo.

Nilimkuta mama mmoja wa makamo, miwani imeteremka puani, mezani kwake kuna maua ya plastiki yana vumbi. Nilitaka kuyafua. Nikamwambia mimi ndiye mwenye pikipiki ambaye hajawahi kuipanda. Nilitegemea anifukuze, lakini alitoa faili akalifungua. Kopi ya kitambulisho changu, na picha ile niliyonuna kama nimeibiwa kuku. Chini yake, alama ya dole gumba kwa wino. Akasema wakala wao alimpa karatasi mtu aliyedai kwamba bibi yake mgonjwa hawezi kutoka, akaipeleka nyumbani, akairudisha ikiwa imetiwa dole. Akatikisa kichwa, akasema wakala huyo kazi imeshamshinda.

Kisha akanishika mkono, akanitia wino, akanigandamiza kwenye karatasi safi. Kikatoka doa tu, kama ametembea konokono. Akajaribu cha kushoto, doa. Akavua miwani, akaweka karatasi mbili pamoja. Akaniambia mama, aliyetia dole hapa ana mistari, wewe huna hata mmoja. Hili deni si lako, na tutalipinga. Wakati huo huo akafunga jina langu, kwamba asikopeshwe mtu yeyote kwa jina hilo mpaka mimi niende kwa miguu yangu na sura yangu hii. Akaniambia na ile laini ya simu niiue, nisajili nyingine, wanipige picha ya uso kama kidole hakishiki. Nilitaka kumbusu.

Halafu akanigeuzia ile karatasi, akaniuliza kama nakijua kidole hicho.

Fundi Cherehani ameacha kuandika, ananitazama. Andika, mama wewe.

Mjukuu wangu, kile kidole kilikuwa na kovu, limekatiza mistari kutoka upande hadi upande. Hukuwa umefika hata kiunoni kwangu ulipoishika pasi ya mkaa kwa chini. Nilikitumbukiza kwenye beseni, nikakitoa, nikakipuliza mpaka nikaona kizunguzungu, nikakutania kwamba mume wangu sasa una pete isiyovuliwa. Mimi kusoma sijui. Kile nilikisoma.

Nikamwambia yule mama sikijui.

Akasema taratibu kwamba kama simjui, lazima niende polisi niseme simjui, nao watapeleleza, na huku jina langu linaendelea kukaa pale lilipo. Na kama namjua nikamficha, basi nimelibeba mimi, deni ni langu. Nikatoka. Njiani viatu vikaanza kunibana, na ndipo akili iliponijia. Viatu vyenyewe! Ulikuja navyo ukiwa juu ya pikipiki yako mpya, ukasema kazi imekubali huko uliko, mke wangu usitembee pekupeku. Kumbe nilijinunulia mwenyewe, tena kwa mkopo. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka muuza mitumba akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia siko sawa. Nikavivua, nikafika nyumbani navyo mkononi.

Nilikupigia. Ulikata. Nilikupigia kwa simu ya baba yako, ukapokea, ukasikia ni mimi, ukakata. Hapo hukuhitaji kusema lolote.

Ningeweza kukulipia, usidhani roho yangu imekauka. Ningefua mpaka mifupa itokeze. Lakini nikijibebesha hili, kesho utavaa jina la nani? La mama yako? La huyo binti utakayemwoa? Mtu akizoea kuvaa nguo za wenzake husahau kufua zake.

Kwa hiyo lile neno "sikijui" nimelirudisha. Sasa soma vizuri, hapa Fundi Cherehani ameomba tulainishe na nimekataa. Nimekwenda polisi, nimekutaja. Jina lako lote, la kwako, la baba yako na la babu yako, na mji uliko. Askari wa kike alikuwa anaandika, akaniuliza mshukiwa ni nani kwangu. Nikamwambia mume wangu. Akainua kichwa. Nikasema mjukuu wangu, halafu nikalia pale kaunta kama mtoto, akaniletea maji kwenye kikombe kisichooshwa vizuri. Nikayanywa. Nikatia dole, likatoka doa, akaandika pembeni kwamba mwenye dole hana alama. Ripoti nimempelekea yule mama wa miwani kwa mkono wangu.

Baba yako hazungumzi nami tangu hapo. Anakula chakula changu, lakini hazungumzi. Atapata njaa ya maneno, atarudi.

Askari amesema ukija mwenyewe, ukaileta pikipiki, ukasema mwenyewe kwa mdomo wako, mambo yana njia moja. Ukingoja wakufuate, yana njia nyingine. Njoo, mwanangu. Shukia chumbani kwangu kwanza, usianzie kwa baba yako. Nitakupikia, utakula, utaoga, nitakupigia pasi shati, maana mtu haendi kukiri na kola iliyokunjana. Kisha tutakwenda wawili. Nitakaa nawe kwenye benchi lile mpaka watakapotuita, na wakikuweka ndani nitakuletea nguo safi kila nitakaporuhusiwa. Wakiniuliza kama wewe ni wangu nitasema ndiyo, kwa sauti. Wakiniuliza kama kile kidole ni changu nitasema hapana, kwa sauti ile ile. Uongo kwa ajili yako nimeshasema mara moja, kwa yule mama wa miwani, na sitaurudia.

Mashine sijapata. Muuzaji amesema ataniwekea ile yenye mlango wa duara ikiwa jina litasafishwa kabla hajatokea mwenye pesa mkononi. Mwenye nyumba ya wageni naye hana subira ya milele. Mimi bado sikai. Kila lori likipunguza mwendo hapo nje natoka na povu mkononi.

Wasalimie unaofanya nao kazi. Mama yako anakusalimu na anakuombea. Paka naye ana wanawe wanne, mmoja ana uso wako, ameiba samaki. Fundi Cherehani anakusalimu, analia, usimjali, amelowesha karatasi. Viatu vyako vile vyeusi nimevisafisha nimeviweka mlangoni, utavikuta.

Ni mimi bibi yako, mkeo wa kwanza, dobi.

Hapo chini nimetia dole. Litazame vizuri, ni doa tupu. Ndilo langu, na ndilo nitakalolitumia mpaka nife. Lako njoo nalo.