Kitabu Kinene cha Besi

Kaka yangu Mzito,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, isipokuwa ncha za vidole, zilizochubuliwa na nyuzi za gitaa lako. Shemeji hajambo? Na huo mkono wa kushoto, unaendeleaje tangu kiharusi? Bado mtu wa mazoezi anauminya mpaka unamwita majina yasiyoandikika? Huku sote salama. Mke wangu anakusalimu, anasema tangu uniachie gitaa lako la besi hajalala mchana hata mara moja.

Unajua nilivyojitapa kwamba nitajifunza besi kisomi, kwa kitabu cha nadharia ya muziki. Basi nikaingia duka la vitabu na ovaroli langu la ufundi wa friji. Mama muuzaji akaniuliza nataka cha chombo gani. Nikamjibu, kwa kiburi cha mtu asiyejua kitu, kwamba nadharia ni nadharia, anipe kinene. Alinionyesha chembamba cha besi, chenye michoro ya shingo ya gitaa. Nikakiona cha kitoto.

Kumbe kile kinene ni cha waimbaji wa sauti za juu. Nikakariri noti zake zote huku nimeinama nyuma ya friji za watu. Kiongozi wa bendi yako ya zamani aliponipa karatasi ya besi ya wimbo wako, nikaisoma vilevile. Alama ya mwanzo wa mistari ilikuwa tofauti, nikadhani ni pambo. Kumbe ndiyo inayosema mstari upi ni noti gani! Nikapiga kila noti pasipo pake, tena kwa nguvu. Mpiga ngoma akaniuliza kama nimekuja mazoezini au nina shughuli yangu pembeni. Walicheka mpaka mwimbaji akakaa chini, nami nikacheka nao. Kiongozi peke yake hakucheka. Alisema karatasi ile ni mifupa tu, nyama yake anayo Mzito, sasa kwa nini sijaenda kukaa naye.

Nikaikunja karatasi, nikaanza kufungasha gitaa.

Ulikuja kwangu, kaka, kabla ya mazoezi yale. Ulikaa kwenye kile kiti cha plastiki, mkono mfukoni, ukaanza kuiimba besi ile kwa mdomo. Nikakukatisha, nikakuambia subiri kwanza nimalize sura ya nne. Ukasema haya, ukamaliza chai, ukaondoka. Jana shemeji aliniambia kwenye simu kwamba kabla ya kuja ulikuwa ukiiimba jikoni kila siku, ukitafuta namna ya kunifundisha bila vidole. Na kwamba tangu urudi hujaiimba tena.

Si kitabu, kaka. Nilikishika kitabu kwa sababu kitabu hakina mkono. Ulipokuwa ukiimba, vidole vyako vilikuwa vinatafuta nyuzi humo mfukoni, na havifiki. Nilishindwa kuvitazama. Nikajificha nyuma ya sura ya nne, nawe ukadhani sikuhitaji.

Kile kinene nimekirudisha. Mama muuzaji amenipa chembamba, na hakunisimanga, ingawa nilistahili. Ni kizuri, lakini wimbo wako haumo.

Jumamosi naja na gitaa. Ukikataa kuimba sitakulaumu, tutakunywa chai. Ukikubali, nakuomba kitu kimoja: utoe mkono mfukoni, uuweke mezani, mahali ninapouona.

Nisalimie nyumba nzima, na mtu wa mazoezi mwambie asikuonee huruma.

Mdogo wako,
Spana