Mkono Niliomficha Daktari

Migori mjini,
11 Februari

Kwa mjukuu wangu Idil,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Kendu Bay, wewe na mume wako Abdisalam na mtoto. Mimi ni mzima, tena mzima kuliko watu wanavyotangaza. Naandika kwa sababu simu yangu hushiki. Miezi saba sasa, tangu ile Idd ulipombeba Mohamednur ukaondoka kwa hasira, eti nimemfunga mtoto mkono wa kushoto asile nao. Simu unaweza kuikata. Karatasi, hata ukiitupa, najua utaisoma kwanza.

Baba yako Abdullah alikuambia nilifanyiwa matibabu ya moyo. Najua hakukueleza vizuri, maana siku ile yeye ndiye aliyekuwa anatetemeka, si mgonjwa.

Kifua kilikuwa kinanibana nikipanda kwenda sokoni, nikipumzika kinaacha. Wakanipima hapa, wakanituma Kisumu. Huko nikamkuta daktari kijana, Arasa, Mkisii mwenye adabu. Akaniambia mshipa mmoja wa moyo umeziba, wataingiza mrija mwembamba kama uzi wa kushonea gunia mpaka ufike pale. Nikamuuliza unaingilia wapi. Nilikuwa nimesikia wanaingilia juu ya paja, na nilikuwa nimekata shauri afadhali nife na heshima yangu. Akacheka, akasema siku hizi wanapitia kifundo cha mkono, damu haisumbui sana na mtu anaketi siku hiyo hiyo. Basi nikakubali.

Akashika mikono yangu, mmoja kisha wa pili. Akabana mishipa ya kifundo, akaniambia nikunje ngumi nikunjue, akatazama damu ikirudi kiganjani. Akasema yote miwili inafaa. Kisha akauliza kazi naifanya na mkono upi, ili huo auache. Baba yako amesimama pale. Nikasema wa kulia. Wakapitia wa kushoto.

Sikulazwa usingizi, ni ganzi tu ya kifundo. Nikauona moyo wangu kwenye skrini unarukaruka kama kifaranga aliyeshikwa mguu. Wakaacha ndani kijibomba cha waya cha kupanua mshipa, halafu wakanivisha kifundoni mkanda wa plastiki wenye upepo, wanaupunguza kidogo kidogo. Jioni nilikula nimeketi. Nikaambiwa vidonge kila siku bila kuruka, na mkono ule nisibebe nao kitu wala nisikande unga siku saba.

Siku ya nne nikakanda. Najua utasema nyanya ni mkaidi. Sema, lakini maliza kusoma. Joyline, msichana anayenisaidia kuuza mahamri, alikuwa amekanda siku tatu, na wateja walikuwa wanarudi kuuliza kama tumeanza kuuza mawe. Nikaingia jikoni nikafunga mlango. Kifundo kikavimba kama yai, damu ikaanza kutoka. Joyline akasukuma mlango, akakandamiza pale kwa kidole gumba, huku ananigombeza kwa Kijaluo bila kupumzika mpaka baba yako alipoleta gari. Hospitalini hapa wakakibana tena, wakakifunga, damu ikakoma. Lakini baba yako alikuwa amempigia Daktari Arasa, naye akataka kusema na mimi mwenyewe.

"Mama, si ulisema kazi unafanya na wa kulia?"

"Nilikudanganya," nikamwambia.

Sasa sikiliza, Idil. Mimi ni wa kushoto, tangu kuzaliwa. Nilipokuwa na miaka mitano mama yangu alinifunga mkono kwa ukambaa Ramadhani nzima. Nikajifunza kula kwa kulia, kusalimia kwa kulia, kupokea kwa kulia. Nguvu haikuhama. Miaka thelathini na minane nakanda nimejifungia, watu wanadhani naficha kiungo cha mahamri. Babu yako alikufa hajui. Soko zima la Migori limekula kazi ya mkono wa kushoto, na hakuna aliyeumwa na tumbo.

Kwa hivyo siku ile nilipochukua kipande cha leso nikamfunga Mohamednur, haikuwa adabu. Nilijiona mimi, nikaogopa watu watamcheka. Kuondoka bila kuaga mtu mzima, hilo sikukufunza. Lakini kumfungua ulifanya sawa. Mimi nilikosa. Nimeandika mara moja, usiningoje niandike tena.

Chakula ale kwa kulia, hilo ni la dini, na nitamwambia kwa mdomo. Kalamu, mpira, mwiko, ashike kwa mkono anaoutaka. Mlete. Daktari anasema mshipa sasa uko wazi, lakini sina miaka ya kununiana na wewe.

Nisalimie Abdisalam, mwambie apunguze sukari kwenye chai, haya mambo ya moyo hayachagui. Baba yako anakusalimu, Joyline pia. Mohamednur mpe mkono kwa ajili yangu. Atakaoutoa kwanza, huo huo upokee.

Ni mimi nyanya yako,
Mwanamvita